Mwisho wa Manowari Iliyokosa Bandari

Wasikilizaji wangu, mtu aliyekulia pwani anajua jinsi jahazi linavyokufa. Siku za bamvua huvutwa mpaka juu ya mchanga, likalazwa ubavu, na tangu hapo watu huanza kulipunguza. Mmoja hung'oa ubao wa kutengenezea mlango, wa pili huokota misumari, wa tatu hupata boriti ya kibanda chake, na vipande visivyofaa kitu hutiwa jikoni. Baada ya miaka michache hubaki mkuku na mataruma, na watoto hucheza juu yake. Hakuna hakimu anayeombwa hukumu, wala balozi anayeandikiwa barua. Jahazi ni mti tu, na mti huoza.

Manowari ya chuma haifi hivyo. Leo nataka kuwasimulieni habari za manowari moja ya kuchukua eropleni, iliyoundwa Ufaransa kwa jina la Foch, ikazeekea Brazili kwa jina la São Paulo, na ilipokwisha kazi ikazungushwa baharini muda wa miezi sita bila ya kupata bandari hata moja ya kuipokea. Nitaeleza pia sababu yake, maana wengi walioisikia habari hii walidhani ni ugomvi wa fedha tu, na fedha zilikuwa sehemu ndogo.

Foch ilianza kuundwa mwaka 1957 huko Saint-Nazaire, mahali ambapo mto Loire unaingia baharini. Ilishushwa majini mwaka 1960, na mwaka 1963 ikakabidhiwa jeshi la bahari la Ufaransa. Ilipewa jina la Jemadari Ferdinand Foch, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Mataifa Marafiki mwisho wa Vita Kuu vya 1914–1918. Urefu wake ulikuwa futi 870, yaani kama viwanja viwili na nusu vya mpira vikiunganishwa, na uzito wake ikiwa na shehena yote ulipita tani 32,000. Juu ilikuwa tambarare, kwa kuwa sitaha yake ndiyo iliyokuwa kiwanja cha eropleni. Na kwa kuwa kiwanja hicho kilikuwa kifupi mno, iliwekwa mitambo miwili ya mvuke ya kuzirusha eropleni hewani kwa nguvu, kama mtoto arushavyo jiwe kwa teo. Na zilipotua zilinaswa kwa kamba za chuma zilizotandikwa juu ya sitaha.

Mvuke huo ulitoka katika matangi sita makubwa ya kuchemshia maji, nao ndio uliozungusha mitambo yote ya manowari. Nawaomba muuweke moyoni mvuke huo, maana ndio uliosababisha manowari hii ijazwe kitu kilichokuja kuifungia milango ya bandari.

Mambo ya utumishi wake nitayapita upesi. Mwaka 1966 ilikuwako katika bahari ya Pacific Wafaransa walipokuwa wakijaribu mabomu yao ya atomi huko Mururoa. Mwaka 1983 ilikuwa mbele ya pwani ya Lebanon. Na mwaka 1999 eropleni zake zilipigana katika vita vya Kosovo. Ilikuwa na pacha wake, Clemenceau, iliyoanza kazi mwaka 1961, ambayo habari zake zitatufaa sana baadaye. Hata ilipofika Novemba 2000, Wafaransa wakiwa wanaingiza kazini manowari mpya ya nguvu za atomi, waliiuza Foch kwa Brazili kwa dola za Marekani milioni 12. Bei hiyo haitoshi kununua hata eropleni moja mpya ya vita.

Wabrazili hawakuwa wajinga. Walikuwa na manowari ya namna hiyo tangu zamani, jina lake Minas Gerais, nayo ilikuwa kuukuu zaidi: ilikuwa imeundwa na Waingereza wakati wa vita vya Hitler. Tena mwaka 1998 walikuwa wamenunua eropleni za vita kutoka Kuwait, na eropleni hizo zilihitaji mahali pa kurukia. Lakini mtu anunuaye punda mzee hununua na magonjwa yake. Mwezi wa Mei 2005 bomba la mvuke lilipasuka ndani ya manowari, moto ukawaka, na mabaharia wakafa. Ikapelekwa matengenezoni, ikakaa miaka. Ikatoka, ikarudi tena. Mwaka 2012 moto mwingine ukatokea. Kwa hesabu ya jeshi lenyewe la Brazili, muda wote ilipokuwa mikononi mwao manowari hii ilisafiri baharini siku 206 tu. Zaidi ya hizo ilikaa gatini ikila fedha za serikali.

Februari 2017 Wabrazili walikata shauri kuiachisha kazi, na Novemba 2018 jina lake likafutwa katika daftari la jeshi. Wako waliotaka ifanywe nyumba ya makumbusho, kama Wamarekani walivyofanya New York na San Diego. Shauri hilo halikupata fedha. Mwaka 2021 ikapigwa mnada, na kampuni ya Kituruki iitwayo Sök Denizcilik ikainunua kwa reali za Brazili milioni 10 na nusu, yaani karibu dola milioni mbili, ili ikavunjwe.

Hapa yafaa nieleze biashara yenyewe ya kuvunja meli. Meli kuukuu si takataka. Ndani yake mna chuma maelfu ya tani, mna shaba katika nyaya na mabomba, mna mitambo, minyororo na nanga. Chuma chake hukatwa vipande kwa moto wa gesi, hupelekwa kiwandani, huyeyushwa, na hutoka nondo za kujengea nyumba. Kwa hiyo mtu aweza kununua meli iliyokufa, akalipa gharama ya kuikokota kuvuka bahari kubwa, na bado akapata faida. Ila faida hiyo hupatikana mahali ambapo kazi ya mikono ni rahisi na masharti si mengi.

Mahali palipovuma kuliko pote ni Alang, katika ghuba ya Khambhat huko Gujarati, nchi ambayo wafanya biashara wa pwani yetu wanaijua tangu enzi za mababu. Ghuba hiyo ina jambo moja la ajabu, nalo ni maji yake: tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hupita futi 30. Tangu mwaka 1983 watu wa Alang hungoja bamvua, wakaielekeza meli ufukoni kwa nguvu zake zote ikiwa bado ina mitambo, ikapanda juu ya tope; na maji yakipwa, meli ile hubaki imesimama katika nchi kavu kama mlima. Ndipo watu huingia na mitungi ya gesi, wakaanza kuikata kutoka omo kwenda tezi. Minas Gerais ilifia hapo mwaka 2004. Manowari ya Wahindi iitwayo Viraat, ambayo kwanza ilikuwa Hermes ya Waingereza, nayo ilipandishwa ufuo huo huo Septemba 2020. Uturuki wana mahali pao, Aliağa, karibu na mji wa Izmir. Huko maji hayajai wala kupwa sana. Omo huvutwa mpaka ukingoni na tezi huachwa ikielea, kisha meli husogezwa juu kidogo kidogo kadiri inavyokatwa. Aliağa ndiko São Paulo ilikokuwa ikipelekwa.

Kazi hii huua watu. Mabamba ya chuma huanguka; mvuke wa mafuta uliobaki katika matangi hushika moto na kulipuka. Lakini mauti yenye kelele ndiyo machache. Yako mauti mengine yasiyo na kelele, nayo hutoka katika asbesto.

Asbesto ni jiwe, lakini ni jiwe la ajabu. Ukiliponda halivunjiki kuwa mchanga, bali huchambuka nyuzi nyuzi kama pamba. Nyuzi hizo haziungui kwa moto, wala haziachi joto kupita, tena ni nyepesi na bei yake ilikuwa ndogo. Mnaona basi kwa nini waunda manowari wa zamani waliipenda. Katika manowari ya mvuke mna mabomba ya moto kila upande, yamepita kando ya vitanda vya mabaharia na kando ya ghala za mabomu. Fundi aliyeyazungushia mabomba hayo asbesto alikuwa akiwalinda wenzake na moto, naye alifanya vema kwa kadiri ya maarifa aliyokuwa nayo. Waliitia katika kuta, katika sakafu, katika vifuniko vya matangi, hata katika milango.

Ikikaa imefungwa, haidhuru sana. Ubaya hutokea inapovunjwa. Hapo nyuzi huruka hewani, nyembamba hata jicho haliwezi kuziona, mtu akazivuta, zikaingia ndani kabisa ya mapafu na kuchoma humo kama miiba. Mwili hauwezi kuziyeyusha wala kuzitoa. Mtu hukaa miaka 20, pengine 30 au 40, akiwa mzima, kisha kifua huanza kubana, au saratani hutokea katika utando unaozunguka mapafu. Wakati huo amekwisha rudi kijijini kwake. Daktari wa huko hana sababu ya kumwuliza kama alipata kukata manowari ujanani, na mwajiri wake amekwisha uza chuma na kula faida. Ugonjwa unaochelewa hivyo ni rahisi sana kuukana.

Pamoja na asbesto mna rangi. Ubavu wa meli hupakwa rangi tabaka juu ya tabaka, na zile za zamani zina madini ya risasi. Za chini ya maji zilitiwa sumu kusudi viumbe vya bahari visishike na kuota. Mna na kemikali zijulikanazo kwa herufi PCB, zilizotumika katika nyaya za umeme na mafuta ya mitambo, ambazo zikiingia katika samaki hazitoki. Hesabu iliyotolewa juu ya São Paulo kabla ya safari ilitaja tani 9 na sehemu 6 za asbesto, na tani 644 za rangi na vitu vingine vya hatari. Wapinzani walicheka waliposikia tani 9. Walisema wapimaji walikuwa wamefika katika sehemu ndogo tu ya vyumba vya manowari, na kwamba pacha wake, Clemenceau, alikuwa amedhaniwa kuwa na mamia ya tani. Mapacha wawili, fundi mmoja, mpango mmoja: mmoja atakuwaje na mamia ya tani na mwenziwe tisa?

Sasa tuje kwenye sheria. Mwaka 1988 mapipa mengi ya sumu kutoka Italia yaligunduliwa yakiwa yametupwa Koko, katika nchi ya Nigeria. Habari hiyo na nyingine za namna yake ziliuudhi ulimwengu, na mwaka uliofuata mataifa yakaandika Mkataba wa Basel, ulioanza kufanya kazi mwaka 1992. Shauri lake ni hili: nchi inayotaka kupeleka takataka za sumu ng'ambo haina budi kuipa habari kwa maandishi nchi ziendako, na nchi za njiani pia, na kungoja kibali, na jambo likiharibika, nchi iliyozitoa hupaswa kuzirudisha kwake. Waafrika waliona hayo hayatoshi, wakaandika mkataba wao wenyewe huko Bamako mwaka 1991, unaokataza kabisa kuziingiza takataka hizo katika bara letu.

Je, manowari ni takataka? Swali hili lilijibiwa na Clemenceau. Siku ya mwisho ya mwaka 2005 Wafaransa waliitoa Toulon, ikakokotwa kwenda Alang. Ilipokaribia Misri, watu wa chama cha Greenpeace waliipanda katikati ya bahari. Wamisri wakaizuia kwa muda, kisha wakairuhusu kupita mfereji wa Suez. Huko India Mahakama Kuu ikaamuru isikaribie ufuo mpaka kesi isikilizwe. Ndipo Februari 2006 baraza kuu la mashauri ya serikali huko Paris likasimamisha safari yenyewe, na siku ile ile Rais Jacques Chirac akaamuru manowari irudi nyumbani. Haikurudi kwa njia ya mkato. Ilishuka Bahari ya Hindi, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda bahari ya Atlantic, na mwezi wa Mei ikaingia Brest. Serikali yenye jeshi kubwa ilikuwa imeikokota maiti ya manowari yake kulizunguka bara zima la Afrika, na kuirudisha nchini kwake ilikotoka. Mwisho wake ulikuwa Hartlepool, Uingereza, ambako ilifika Februari 2009, ikavunjwa na mafundi waliovaa nguo za kuwakinga na vumbi, ndani ya gudi iliyofungwa maji yasitoke. Gharama ilizidi sana, lakini kazi ilikwisha.

Kwa hiyo mwaka 2022 hakuna mtu Brazili wala Uturuki aliyeweza kusema hakujua.

São Paulo ilitoka Rio de Janeiro tarehe 4 Agosti 2022, ikikokotwa na meli ya Kiholanzi iitwayo Alp Centre. Manowari haikuwa na mitambo inayofanya kazi, wala mabaharia. Ilikuwa ganda la chuma linalofuata kamba. Huko Izmir watu waliandamana mabarabarani, mawakili wakaenda mahakamani. Tarehe 26 Agosti, manowari ikiwa imekwisha karibia mlango wa Gibraltar, waziri wa Uturuki wa mambo hayo akatangaza kwamba kibali kimefutwa, kwa kuwa Wabrazili hawakuleta hesabu mpya ya sumu waliyotakiwa kuileta. Wakuu wa Brazili nao wakafuta ruhusa yao ya kuitoa nchini, na Mkataba wa Basel ukafanya kazi kama ulivyoandikwa: mzigo urudi kwa mwenyewe. Alp Centre ikageuza.

Mwanzo wa Oktoba walifika mbele ya pwani ya Pernambuco, upande wa kaskazini mashariki wa Brazili, wakataka kuingia bandari ya Suape. Wakakatazwa. Wakuu wa jimbo walisema meli hii ikiingia haitatoka, maana mwenye mali atakimbia gharama, na watu wa Suape wataachiwa mzoga wenye sumu ukiziba gati lao. Hofu hiyo haikuwa ya upuuzi. Meli nyingi zimepata kuachwa hivyo bandarini katika pande nyingi za dunia. Jeshi la bahari likamtaka mwenye manowari alete bima na mapatano ya matengenezo. Basi meli ya kukokota ikawa inazunguka tu baharini, mchana na usiku, ikila mafuta, kwa sababu haiwezi kutia nanga wala kuacha kamba. Oktoba ikapita, Novemba ikapita, Desemba ikapita. Katika muda huo Brazili ilibadilisha rais, na ubavu wa manowari ulikuwa ukiendelea kuliwa na chumvi.

Januari 2023 wenye mali wakasema wamechoka na gharama, nao wataiacha manowari baharini. Hapo jeshi likaichukua lenyewe na kuikokota mbali na pwani. Mafundi wakaikagua, wakatangaza kwamba mwili wake umetoboka, maji yanaingia, na kwamba itazama tu, kutaka kusitaka. Bora basi izamishwe mahali palipochaguliwa. Waziri wa mambo ya mazingira, Bibi Marina Silva, hakupendezwa na shauri hilo. Mawakili wa serikali waliomba mahakama izuie. Hakimu akakataa. Jioni ya Ijumaa, tarehe 3 Februari 2023, manowari ilizamishwa kilomita 350 kutoka pwani, mahali penye kina cha mita zipatazo 5,000, yaani pima 2,700 na zaidi. Lau mlima Kenya ungesimamishwa pale, pangeonekana kilele chake tu kikitokeza juu ya maji.

Walikuwako waliosema jambo hilo ni la busara. Kina kile kiko gizani, baridi yake ni kali, wavuvi hawafiki, na asbesto ikiwa chini ya maji hairuki hewani kumwingia mtu mapafuni. Maneno haya yana ukweli ndani yake. Lakini rangi na PCB hazina tabia ya asbesto. Hizo huyeyuka na kutoka polepole miaka mingi, na viumbe vya kilindini huliwa na viumbe vya juu. Tena yapo mapatano ya London ya mwaka 1972 ya kukataza kutupa taka baharini, na Brazili ni mmoja wa waliotia sahihi.

Wengine wakasema jeshi lilisema uongo, manowari haikuwa karibu ya kuzama. Mimi sina sababu ya kuwakanusha mafundi walioikagua. Yawezekana kabisa kwamba mwisho wa Januari hapakuwa na njia nyingine iliyo salama. Ila kosa sikulitafuta katika Januari. Nalitafuta katika Oktoba, wakati ganda lile lilipokuwa limekwisha vuka bahari ya Atlantic kwenda na kurudi bila ya kuzama, na serikali ya Brazili, yenye magati yake ya jeshi na gudi zake, na iliyokuwa mwenye manowari hiyo miaka 20 nzima, ilikataa kuifungulia hata moja. Na zaidi nalitafuta katika mwaka 2021, ilipokubaliwa hesabu ya sumu isiyohesabiwa vyumbani. Hesabu iliyo kamili ingaligharimu fedha kidogo, pengine ingalipunguza bei ya mnada. Ni hiyo iliyoogopwa.

Msidhani kuzamisha manowari ni jambo geni. Wamarekani waliizamisha Oriskany mbele ya Pensacola, Florida, tarehe 17 Mei 2006, kwa kusudi iwe mwamba wa samaki na mahali pa wazamiaji kutembelea. Ilishuka kwa dakika 37, na imesimama wima katika maji ya futi 212. Lakini kwanza waliisafisha, na kazi yote iligharimu dola zipatazo milioni 20, mara kumi ya bei ya mnada wa São Paulo; na hata hivyo PCB zote hazikuweza kutoka. Siku hizi Wamarekani aghalabu huvunja manowari zao kwao wenyewe. Kitty Hawk iliuzwa kwa senti moja. Ndiyo, senti moja; maana mnunuzi alijua kwamba gharama ya kuikokota na kuivunja kwa kufuata sheria za Marekani itameza karibu thamani yote ya chuma. Kwa kuwa ilikuwa pana mno kwa mfereji wa Panama, mwaka 2022 ilikokotwa kutoka Bremerton kuizunguka Amerika ya Kusini yote mpaka Brownsville, Texas.

Senti ile yafundisha hesabu ambayo wenye manowari wengi hawapendi kuiona imeandikwa. Anayelipa dola milioni mbili kwa manowari yenye sumu na anayelipa senti moja wananunua kitu kile kile. Tofauti ya bei ni gharama ya kinga. Kinga isipolipwa na mnunuzi, hulipwa na mapafu ya mkataji chuma.

Mikataba iliyokuja baadaye haikuongeza neno kubwa juu ya manowari. Mataifa yalikutana Nairobi mwaka 2007 na kuandika mkataba wa kuwalazimisha wenye meli kuondoa mizoga ya meli zao baharini. Ulianza kutumika mwaka 2015. Mwingine uliandikwa Hong Kong mwaka 2009, nao wahusu uvunjaji wa meli wenyewe, masharti ya viwanja na hesabu ya vitu vya hatari. Huo umeanza kutumika Juni 2025. Yote miwili ni mizuri. Yote miwili pia inazitoa manowari, kwa kuwa serikali hazipendi wageni wachungulie vyumba vya meli zao za vita. Basi kwa manowari iliyouzwa ng'ambo ikavunjwe, ngao iliyobaki ni ule mkataba wa zamani wa Basel, ambao hausemi neno juu ya bandari gani ipokee mzigo uliorudishwa.

Jeshi la Brazili sasa lina meli nyingine kubwa iitwayo Atlântico, waliyoinunua kwa Waingereza mwaka 2018. Zamani ikiitwa Ocean. Haina mitambo ya mvuke ya kurusha eropleni, inachukua helikopta. Ilianza kazi mwaka 1998, kwa hiyo ina umri mdogo kuliko ule aliokuwa nao Foch siku alipobadilishwa jina.